Mama, nimekosa wapi?

Niliahidi kuendelea na habari za kumwachisha mtoto ziwa, lakini hiyo itasubiri wiki ijayo. Jambo hili limenikaa rohoni.

Jumapili jioni mwanangu wa darasa la sita alinikuta jikoni na daftari mkononi. Swali lilikuwa: taja namba tasa zilizo kati ya 80 na 100. Aliandika 83, 89, 91 na 97. Mwalimu kaweka kosa jekundu, basi. “Mama, nimekosa wapi?” Nami, ndizi zinaungua, nikamjibu kwa ukali: “91 si tasa, nenda kafikirie!” Nusu saa baadaye nikamkuta kalala juu ya daftari, na machozi yamekaukia shavuni.

Namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 91 ni 7 mara 13. Ningeweza kumwonyesha kwa dakika mbili: jaribu 2, 3, 5 na 7 tu. 11 haina haja, maana 11 mara 11 ni 121, imeshapita 91.

Usiku ule nikakumbuka kisa nilichowahi kukisoma. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya namba kubwa alizoamini ni tasa. Mojawapo hupatikana hivi: zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie 2 sitini na saba, kisha toa 1. Unapata 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21! (Kikokotoo cha simu yangu kilishindwa kuiandika, kikaleta herufi E.)

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kuwa namba hii si tasa. Ajabu ni kwamba njia yake haikuonyesha inagawanyika kwa ngapi. Ni lile kosa jekundu kabisa: umekosea, ila wapi, tafuta mwenyewe.

Ikapita miaka 27. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati New York, profesa Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Upande mmoja alikokotoa ile namba ya Mersenne. Upande wa pili akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kukaa, watu wakapiga makofi. Alipoulizwa baadaye ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Usidhani alikuwa akibahatisha. Kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 134, lazima kibakize 1. Hilo huondoa namba nyingi mno za kujaribu. Hata hivyo, ukianza na 135 na kuongeza 134 kila mara, kigawo kile kidogo ni cha 1,445,580 kwenye foleni! Cole alihitaji mbinu nyingine za kuipunguza, na karatasi nyingi. Kuzidisha ni kazi ya jioni moja, kurudi nyuma ni ya miaka. Ugumu huo huo hutumika leo kulinda siri kwenye intaneti, kwa namba ndefu zaidi, kwani hii ya Cole kompyuta ya sasa huivunja mara moja.

Jumatatu nilimwomba mwanangu radhi, tukaipata ile 7 mara 13. Kisha nikamsimulia habari za Cole. Hakuamini. Akataka kuzidisha mwenyewe, akageuza daftari kwa upana ili tarakimu zienee. Mstari wa tatu, penye 7 mara 7, aliandika 9 akasahau kubeba 4. Safari hii niliinjika sufuria chini, nikavuta kigoda, nikamwekea kidole pale pale. Tulimaliza saa tatu kasoro, ugali umepoa, baba yake anatushangaa mlangoni.