Mabati ya mjomba na kopo langu la maziwa

Najua nimepotea, wiki tatu hakuna kitu hapa, mpaka mdau mmoja kanitumia meseji kuuliza kama nimedisco. Sijadisco bwana. Nilikuwa nyumbani Ngerengere, na nimerudi na deni la mabati 12. Leo nataka kuwasimulia hilo deni, halafu nitoe dukuduku langu kuhusu hizi projekti zetu za mwaka wa mwisho. Mwenye hasira anisubiri kwenye vimbweta.

Kwa wasiokujua kwetu: Ngerengere iko Morogoro Vijijini, na imekuwa kituo cha treni tangu reli ya Wajerumani, ile iliyofika Morogoro mwaka 1907. Sasa tuna kituo cha SGR pia. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na tangu siku hiyo maneno hayajaisha. Waya wa juu una volti 25,000, watu wanausikia ukivuma, basi kila mtu ana lake. Mionzi, kansa, kuku hawatagi, mradi maneno tu.

Mjomba wangu anakaa kama mita 100 kutoka kwenye uzio wa reli. Mwaka jana akaniuliza, "Mjomba, wewe ndiye unayesoma mambo ya umeme. Hii sumaku ya treni inatudhuru au haitudhuru? Na kama inadhuru, tunaizuiaje?" Sasa mnaotoka makabila mengine mnaweza msielewe uzito wa swali hilo. Sisi Waluguru ukoo na ardhi vinafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si ndugu wa kumpigia stori tu. Ukimwambia kitu umesema.

Nikamwambia anipe muda nipime. Hapo nilijiona profesa kabisa.

Nilichofanya ni hiki. Simu nyingi mnazotembea nazo zina kipimo cha sumaku, ndicho kinachoendesha dira. Kuna programu ya bure inaitwa Phyphox, imetengenezwa chuo kikuu cha Aachen kule Ujerumani, inakuonyesha namba zenyewe. Pale uani kwa mjomba ikasoma kama mikrotesla 33, ambao ni uga wa sumaku wa dunia yenyewe kwa maeneo yetu. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikatumbukiza simu ndani, ikashuka mpaka 23. Nilishangilia! Chuma kinazuia sumaku, ushahidi huo hapo. Nilipogeuza kopo upande wa pili ikasoma 41, yaani ndani kukawa na sumaku nyingi kuliko nje. Hiyo sikumwambia mtu. Nilijisemea simu imechanganyikiwa.

(Haikuchanganyikiwa. Kopo lenyewe lilikuwa na usumaku wake. Chuma kina kumbukumbu, kikishapitia kwenye uga fulani kinabaki na kidogo. Nilishafanya mtihani wa hilo somo na nikafaulu, jamani.)

Nikarudi chuoni, nikafungua FEMM, ile programu ya bure ya David Meeker ambayo nusu ya darasa letu tunaishi nayo. Nikachora chumba cha mjomba, upana mita 3, nikakizungushia bati. Kwenye orodha ya mata nikaweka chuma, permiabiliti 2,000, kwa sababu desa lilisema hivyo. Tatizo likaja kwenye unene. Bati letu la kawaida lina unene wa kama milimita 0.3, na ukichora kitu chembamba hivyo kwenye chumba cha mita 3 kompyuta inajaza vipembetatu mpaka inaganda. Basi nikafanya ujanja ambao wengi wenu mnaujua, nikaliandika bati kuwa na sentimita 3 ili picha itoke. Ikatoka nzuri ajabu. Nje rangi nyekundu na njano, ndani bluu tupu kama bahari. Nikampigia mjomba. Weka bati ukuta unaotazama reli, nikasema, na upande wa kichwani kwa kitanda. Akanunua mabati 12 kwa hela ya ufuta.

Nani alinishtua? Si mwalimu, ni hesabu ya mstari mmoja niliyokutana nayo nikijisomea mengine. Ukiwa na gamba jembamba la chuma, kiasi linavyopunguza uga tuli wa sumaku ni kama 1 jumlisha permiabiliti mara unene, gawanya kwa upana wa hilo gamba. Jaribu na kopo: permiabiliti tuchukue 200, maana chuma laini kwenye uga mdogo hakifiki hata karibu na hizo namba kubwa za kwenye madesa. Mara milimita 0.3, gawanya kwa milimita 150. Unapata 0.4, kwa hiyo uga unagawanywa kwa 1.4. Chukua 33 ugawanye kwa 1.4, ni 23 na ushee, ile ile niliyosoma! Sasa weka chumba cha milimita 3,000. Unapata 0.02. Asilimia mbili. Na hapo nimekikadiria chumba kuwa kimefungwa pande zote, wakati mjomba kapigilia pande mbili tu kwa misumari.

Nililala vibaya siku hiyo.

Wajanja mtasema umeme wa treni si uga tuli, unabadilika mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mikondo inayozunguka ndani ya bati inasaidia kuzuia. Ni kweli, ila hiyo mikondo inataka bati lililoungana vizuri lizunguke pande zote. Kinachozuiwa na bati lililounganishwa na ardhi ni uga wa umeme, na nadhani hapo ndipo watu wengi wanapochanganya, mimi nikiwemo. Sumaku haisimamishwi na ukuta. Inapindishwa ipite ndani ya chuma, na chuma kikiwa chembamba inaendelea na safari zake.

Likizo hii nikaamua kupima sawasawa. Simu haifai, kwani inasoma mara 100 hivi kwa sekunde au chini yake, huwezi kuiamini kwa kitu kinachotikisika mara 50. Nikaenda kwa fundi wa kusuka mota, akanizungushia waya mara 1,000 kwenye duara la sentimita 20. Koili hilo linatoa karibu milivolti 1 kwa kila mikrotesla 0.1. Nikaazima mita inayosoma milivolti za AC vizuri (zile mita za bei ya chee za mtaani zinaanzia volti 200, hazitakusaidia), nikapanda treni, nikashuka Ngerengere.

Hesabu kwanza. Treni ikivuta megawati 4 kwenye volti 25,000 ni ampea 160. Kwa waya mmoja peke yake, mita 100 mbali, hiyo inatoa mikrotesla 0.32, na kwa kuwa mkondo unarudi kupitia reli na ardhi, halisi ni ndogo zaidi. Kipimo: treni ilipopita, mita haikufika milivolti 1. Bila mabati, haikufika. Nyuma ya mabati, haikufika. Kikomo cha ICNIRP kwa raia, cha mwaka 2010, ni mikrotesla 200. Nisifiche pia kwamba mwaka 2002 IARC waliuweka uga wa aina hii kundi la 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha kansa, kwa sababu ya tafiti za watoto wanaoishi muda wote kwenye wastani wa 0.3 au 0.4 na kuendelea. Treni inapita dakika moja inaondoka.

Halafu nikaingia na koili chumbani. Kichwani kwa kitanda mita ikaruka mpaka milivolti 60, mikrotesla 6! Nikadhani waya umekatika. Kumbe ni stabilaiza ya friji, mjomba kaiweka chini ya meza pembeni ya mto wake, miaka sita sasa. Mikrotesla 6 nazo ziko mbali na 200, lakini alikuwa analala nazo usiku kucha huku mimi namuuzia maneno ya mabati. Tukaihamishia ukuta wa pili. Kwenye mto ikabaki chini ya 1. Shilingi sifuri.

Sasa dukuduku. Msimu wa projekti umefika na najua nusu ya ripoti zitakuwa na zile picha za rangi, permiabiliti imetolewa kwenye orodha ya programu, unene umetiwa maji kama nilivyofanya mimi, na hakuna aliyegusa kipande cha chuma. Tutapata A. Rumeti wangu anabisha, anasema vifaa vya maabara havitoshi na simulesheni ndiyo mkombozi wa maskini. Siipingi simulesheni, na ningeweka unene wa kweli ndiyo ingeniokoa kuliko kopo. Kopo halikudanganya, ni mimi niliyelibeba kutoka sentimita 15 kwenda mita 3. Ninachokataa ni picha kupita mbele ya jopo bila mtu kuuliza hilo bati ni lipi, lilipimwa wapi. Koili langu limenigharimu chini ya vocha zangu za mwezi. Mnaodesa ripoti za mwaka jana mna mjomba wenu mahali fulani ataamini mtakachosema.

Mabati yamekuwa banda la mbuzi. Nilimwomba msamaha mjomba, nikamwahidi hela bumu likitoka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hela utaleta. Lakini mama Asha hapo jirani naye ana stabilaiza, na kwa mwenyekiti wana mbili. Utakuja lini na hilo duara lako?"

Jumamosi narudi, treni ya asubuhi. Nyumba tano zimeshaandikishwa. Anayejua kusoma mita na hachoki kutembea aniambie kabla ya Ijumaa.