Pesa isiyo na bosi, lakini lete kitambulisho kwanza

Mnaniuliza kila mara kwa nini sitangazi sarafu za mtandaoni, ilhali wenzangu wanaotengeneza video Isiolo na Nanyuki wanalipwa kuzitangaza. Wacha nijibu mara moja tumalize. Mimi sina shida na pesa isiyo na bosi, tena wazo lenyewe nalipenda. Shida yangu ni vile inauzwa kwetu. Unaahidiwa uhuru, halafu kitu cha kwanza unaombwa ni picha ya kitambulisho na selfi.

Tuanze na pesa tunayoijua. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mtu asiniambie haikutusaidia. Zamani mzee akiuza mbuzi kumi sokoni Oldonyiro alirudi bomani na noti zimefungwa kwa shuka, na kila mtu njiani alijua leo ni siku ya soko na mzee ametoka wapi. Kwa njia zetu hizi, hiyo ilikuwa safari ya kuomba Mungu. Leo anaweka kwa simu, anarudi na fimbo yake tu. Hiyo ni faida ya kweli, na siwezi kuipuuza ndio nionekane mjanja wa mambo ya faragha.

Lakini noti ilikuwa na kitu kimoja ambacho simu haina: noti haikujua jina lako. Ukinunua dawa ya ugonjwa usiotaka kijiji kijue, ukimpa dada yako nauli amtoroke bwana anayempiga, ukichangia maji ya vijana walio maandamanoni, noti haikuandika popote. Simu inaandika yote. Nani, kwa nani, pesa ngapi, saa ngapi. Na si kampuni peke yake inayoona. Mtu akitaka kujua namba fulani ni ya nani, anaanza kuitumia shilingi kidogo, jina linatokea, anakatisha. Msinikatalie, wengi wenu mmefanya.

Kuna wale husema "kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Hao waangalie Mswada wa Fedha wa 2025. Sheria ya taratibu za kodi inazuia KRA kumlazimisha mfanyabiashara kutoa data za kibinafsi za wateja wake. Mswada ule ulitaka kizuizi hicho kiondolewe. Yaani bila kwenda kortini, bila kukushuku kwa lolote. Kamati ya Fedha ya Bunge ilikikataa kipendekezo hicho Juni 2025, mwaka mmoja baada ya vijana kujaa barabarani kupinga mswada wa 2024 mpaka ukaondolewa. Safari hii kilikataliwa. Mimi sijaona chochote kinachozuia kirudi kwa jina lingine.

Kwa hivyo ninaelewa kabisa kwa nini kijana akisikia Bitcoin macho yanamng'aa. Mwaka wa 2008 mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walieleza pesa isiyo na benki, isiyo na makao makuu, na ambayo idadi yake haitapita milioni 21. Hakuna meneja wa kupigiwa simu afunge akaunti yako. Na inafanya kazi mpaka leo.

Sasa kile ambacho wauzaji hawakuambii: daftari la Bitcoin liko wazi kwa dunia nzima. Kila malipo yaliyowahi kufanywa yamo humo na hayafutiki. Kinachokuficha ni kwamba badala ya jina kuna mstari mrefu wa herufi na namba. Hebu fikiria unatembea sokoni na orodha ya kila kitu umewahi kulipa imebandikwa mgongoni, ila uso umefunikwa. Mtu mmoja tu akikutambua, basi, wote wamesoma. Na hapa Kenya kukutambua ni rahisi, kwa sababu mlango wa kuingilia ni uleule. Unanunua sarafu kutoka kwa mtu mtandaoni, unamlipa kwa M-Pesa, na jina lako kamili linamfikia kwa simu. Kuna sarafu zilizoundwa zifiche zaidi, kama Monero, lakini sijaona mtu akilipwa kuja kuzitangaza huku kwetu.

Mfano mkubwa tulijionea wenyewe. Agosti 2023, maelfu ya watu walipiga foleni KICC Nairobi waskaniwe mboni za macho na Worldcoin, mradi ambao Sam Altman wa OpenAI ni mmoja wa waanzilishi wake. Malipo yalikuwa sarafu 25 za mradi, kama shilingi 7,000 hivi wakati huo. Serikali iliusimamisha tarehe 2 Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu ikasema ukusanyaji ule ulikiuka sheria, ikaamuru data ifutwe ndani ya siku saba chini ya macho ya Kamishna wa Data.

Wengi waliwacheka wale watu wa foleni. Mimi sikucheka. Shilingi 7,000 ni pesa, na huku tulikuwa tumetoka kwa ukame ulioua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini. Mtu ambaye boma lake limebaki mifupa hawezi kukaa chini apime thamani ya jicho lake miaka 20 ijayo. Ndio maana hasira yangu ni kwa aliyeweka bei. Nenosiri likiibiwa unabadilisha. Jicho utabadilisha na nini?

Na biashara hiyo haijaisha, imepungua tu ukubwa. Kuna jamaa aliniandikia akitaka nimletee vijana wa Oldonyiro wajisajili kwa pochi fulani ya sarafu. Picha ya kitambulisho mbele na nyuma, selfi, na mimi nilipwe kwa kila kichwa. Nikamuuliza data inahifadhiwa wapi. Akanitumia picha ya gari. Kwa kichwa, jamani, vile tunahesabu mbuzi wakipakiwa kwa lori.

Nikisema hivi naambiwa nawazuia watu kutajirika. Nunueni mkitaka, pesa ni zenu. Lakini jueni kwamba Bitcoin ilipita dola 60,000 Novemba 2021 na kufika Juni 2022 ilikuwa imeshuka chini ya 20,000. Jueni pia kwamba ukituma M-Pesa kwa namba mbaya, unatuma ule ujumbe kwa 456 na unaomba irudishwe. Kwa Bitcoin hakuna 456. Ukipoteza yale maneno 12 au 24 ya kufungua pochi yako, umepoteza. Kutokuwa na bosi maana yake ni hiyo pia, na kwa mtu ambaye simu yake inachajiwa kwa duka la jirani si jambo dogo.

Oktoba 2025 Rais alitia sahihi sheria ya watoaji huduma za mali za kidijitali, na leseni zitatoka kwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Matapeli wabanwe, sawa. Ila kanuni za sheria hiyo zikiletwa kwa maoni ya umma, swali langu litakuwa moja, na naomba tuliulize wengi: mtu akitaka kulipa shilingi 500 kwa sarafu hizi, kwa nini jina lake, sura yake na namba yake ya kitambulisho vikae kwa kompyuta ya kampuni ambayo hata hajui iko nchi gani? Kiasi kidogo kipite bila jina, kama noti ilivyopita sokoni siku zote. Na mikutano ya maoni isiishie Nairobi na Isiolo mjini. Nauli ya kutoka huku mnaijua.