Kabla hujamfungia mtoto mlango, jua dansi hii ilikotoka

Kama una kijana wa sekondari mwenye simu, huenda umeshamwona akiicheza. Mikono inakatakata hewa mbele ya uso, anatembea kwa mapozi ya mwanamitindo, anachuchumaa na kurukaruka kwenda mbele, kisha ghafla anajilaza chali sakafuni, mguu mmoja umekunjwa chini yake. Wewe ukadhani ameanguka. Wenzake wanashangilia.

Dansi hiyo inaitwa vogue, jina lililotokana na jarida la mitindo. Mzazi akishaambiwa kwamba walioianzisha ni wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia, swali lake huwa moja: je, itamharibu mwanangu?

Jibu fupi ni hapana. Hatua za dansi hazimbadilishi mtu anayempenda nani, kama vile kucheza karate hakumgeuzi mtu Mjapani. Lakini historia ya dansi hii ina swali jingine, nalo linamhusu mzazi kuliko mtoto.

Nyumba isiyo na kuta

Harlem ni mtaa wa Weusi jijini New York, Marekani. Huko, tangu karne ya 19, kulikuwa na dansi kubwa za mavazi ambako wanaume walivaa magauni na kushindana kwa urembo. Miaka ikapita, mashindano ya aina hiyo yakaenea jijini, lakini washiriki Weusi wakalalamika kuwa majaji wanawapendelea Wazungu. Mmoja wao, Crystal LaBeija, alilalamika hadharani kwenye shindano la mwaka 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akashiriki kuandaa shindano la Weusi wenyewe na kuanzisha kundi lililoitwa House of LaBeija, yaani Nyumba ya LaBeija. Baadaye zikaja nyingine, zikiwamo Xtravaganza na Ninja.

Nyumba hapa haina maana ya jengo. Ni kama sisi tunavyosema "nyumba ya bibi mkubwa", tukimaanisha watu wake. Ina mama, ina baba, ina watoto, na watoto huchukua jina la nyumba kama jina la ukoo. Usiku wa shindano kila nyumba hupeleka watu wake mbele ya majaji: huyu kavaa kama mkurugenzi wa kampuni, yule kama mwanajeshi, mwingine anacheza vogue. Wazee wa pwani waliosimuliwa habari za vyama vya beni, vilivyoshindana kwa sare, vyeo na vishindo, hawatapata shida kuelewa.

Tofauti ni kwamba wengi wa watoto wa nyumba hizi hawakuwa na kwao pa kurudi baada ya shindano. Walifukuzwa na wazazi, au waliondoka baada ya kuchoshwa na kipigo na matusi. Mama wa nyumba, mara nyingi naye akiwa bado kijana, ndiye aliyewauliza kama wamekula na wamelala wapi. Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawa walipata bahati ya kufunzwa na mama wa kuokota.

Ukimwi ulipoingia

Mwaka 1990 dunia ikawaona. Filamu ya Paris Is Burning iliyorekodi maisha yao ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, na Madonna akatoa wimbo wake wa Vogue, akiwatumia wachezaji wawili wa nyumba ya Xtravaganza, Jose na Luis.

Lakini wakati huohuo walikuwa wakizikana. Ugonjwa wa Ukimwi ulitangazwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1981, na dawa za mchanganyiko zilizobadilisha hali zilianza kutumika mwaka 1996. Kati ya miaka hiyo, kijana aliyefukuzwa kwao, asiye na bima wala pa kulala, wakati mwingine akiuza mwili ili ale, alikuwa katika hatari kubwa. Angie Xtravaganza, mama wa nyumba ile, alifariki mwaka 1993 kwa maradhi yanayohusiana na Ukimwi. Shirika la GMHC la New York halikukaa ofisini kusubiri wagonjwa. Lilianzisha nyumba yake, House of Latex, na shindano lake ambako vijana walipata kondomu na vipimo vya VVU palepale wanapocheza.

Si wote waliofungiwa mlango. Willi Ninja, anayehesabiwa kuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa vogue, alikuwa na mama aliyemkubali na kumtia moyo acheze. Naye Beyoncé alipotoa albamu ya Renaissance mwaka 2022, yenye muziki uliochota humo humo, aliitolea heshima kwa Jonny, mpwa wa mama yake, ambaye wao walimwita mjomba. Jonny alikuwa shoga, alisaidia kuwalea Beyoncé na mdogo wake, na alifariki kwa maradhi yanayotokana na VVU. Familia yake haikumficha.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanywa California kwa vijana 224 wapenzi wa jinsia moja na wa jinsia zote mbili. Waliulizwa familia zao ziliwatendea nini walipokuwa wanakua. Waliokataliwa sana nyumbani, wakilinganishwa na waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa, walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 8 wa kuwa wamejaribu kujiua. Sonona ilikuwa karibu mara 6, na ngono bila kinga zaidi ya mara 3.

Utafiti mmoja hauthibitishi kila kitu, na California si kwetu. Najua pia kila msomaji ana dini yake, na sheria za nchi zetu zinajulikana. Lakini vijana wale waliulizwa walitendewa nini, si mzazi anaamini nini. Unaweza kubaki na imani yako yote na bado mwanao akala mezani pako.

La kufanya nyumbani

Ukimkuta akicheza, kaa utazame. Muulize amejifunza wapi na anamfuata nani mtandaoni. Cha kuogopa zaidi ni mtu mzima asiyemjua anayemtumia ujumbe wa siri. Kule kujilaza chali mwambie asikufanyie mazoezi kwenye saruji tupu. Atandike godoro, na ateremke kwa mguu na nyonga, asiangukie mgongo wala kisogo.

Akikuambia jambo zito kuhusu nafsi yake, usitoe uamuzi usiku huo. Sema "nimekusikia, tutazungumza", kisha kweli mzungumze. Usimwite kwa majina ya mitaani, wala usiruhusu mjomba au jirani aje "kumnyoosha". Ada, chakula na kitanda visiwe adhabu.

Akianza kujitenga, kukosa usingizi, kugawa vitu vyake au kusema heri afe, usingoje. Mpeleke hospitali aonane na mshauri, na usimwache peke yake. Kenya na Tanzania ipo pia simu ya watoto, namba 116, haina malipo. Mpe namba hiyo leo, hata kama unaamini hataihitaji.