Barua ya Wazi kwa Mwenye Muhuri

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima, ambazo mtu wa umri wangu hufunzwa kumtolea mwenye mamlaka hata pale moyo wake unapomshauri vingine, hii ni barua yangu ya nne kwako. Na kwa kuwa tatu za kwanza nilizileta kwa mkono, zikapokewa kwa adabu, zikagongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA" kwa wino wa buluu usio na doa, kisha zikalala usingizi ambao hata watu wa pangoni wangeuonea wivu, hii ya nne nimeona heri niisome mbele ya umma. Jina la ofisi yako nimeliacha makusudi. Wewe unaijua, mimi naijua, na nyuki wangu, lau wangalipewa ulimi, wangaliitaja.

Kisa chenyewe kimo katika faili. Hati uliyoitia muhuri, ikawaruhusu wenye makarasha na mialo ya dhahabu kuweka kazi yao ukingoni mwa lambo letu hapa Msalala, ililieleza eneo lile kwa maneno manne tu: "pori lisilo na matumizi". Pori hilo, Mheshimiwa, ni ngitili, yaani malisho yaliyofungwa ili yaote tena, ya marehemu baba yangu, ekari 12, aliyoifunga mwaka 1987 baada ya wazee kukaa dagashida, baraza letu la jadi, na kukubaliana nani atafunga wapi, na nani akiingiza ng'ombe kabla ya kiangazi atatozwa mchenya, faini ya jadi. Sitakusomesha habari za mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, maana hapana mtumishi wa mkoa huu asiyezijua: jinsi miti ilivyofyekwa zama za wakoloni kwa ajili ya kuwaondoa mbung'o na baadaye kwa ajili ya pamba, hata Mwalimu Nyerere akauita mkoa huu jangwa la Tanzania, na jinsi ngitili, ambazo mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi, zilivyopita hekta 300,000 mradi ulipofungwa mwaka 2004. Wataalamu waliokuja kuzichunguza walihesabu aina 152 za mimea na aina 145 za ndege. Nilidhani hesabu ya namna hiyo ingetosha kuyaokoa maeneo haya na jina la pori lisilo na matumizi. Kumbe mwandishi wa hati yako alikuwa na haraka.

Nyuki wamehama. Mizinga yangu ilikuwa 46, mingine ya magogo aliyoyachonga baba kwa mkono wake, mingine ya mbao niliyoiongeza nilipostaafu ualimu. Leo yenye nyuki ni mitatu. Najua, kama ajuavyo kila mrina asali, kwamba nyuki wa nchi hii huhama kiangazi kikizidi na hurejea miti inapochanua, na kwa hiyo kuhama kwao peke yake si habari ya kumchosha mkubwa. Habari ni kwamba misimu miwili imepita na hawajarejea, kwa sababu hapana pa kurejea: mitundu na mininga iliyowalisha imekuwa matimba ya kuzuia kuta za maduara, yale mashimo ya dhahabu, zisiwaangukie vijana, matawi yamekuwa mkaa, na lambo walilokuwa wakinywa sasa limepakana na rundo la marudio, mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa. Mimi si mkemia, wala sidai kwamba ni zebaki au sianidi iliyowafukuza. Nadai lililo dhahiri kwa mwenye macho: mti wenye maua ukishakuwa timba chini ya ardhi, nyuki hana haja nao tena.

Ng'ombe wangu wawili walikunywa maji ya bwawa la uchenjuaji wakafa, hilo nimelimeza. Ada ya mjukuu, kwa kukosa asali ya kuuza, nimeikopa. Walakini nyuki wamehama, na hilo halimezeki, kwa kuwa ng'ombe hununuliwa na deni hulipwa, ilhali ngitili huchukua miaka 30 kuota, na mimi sina miaka 30.

Sina ugomvi na vijana wa maduara. Wengi wao niliwafundisha herufi, na mmoja wao, nilipompata na shoka mkononi, aliniamkia kwa heshima zote na kunisaidia kubeba mzinga ulioanguka. Ugomvi wangu ni na mizani.

Sikiliza, Mheshimiwa. Mnunuzi wangu wa asali, ambaye shehena yake huenda Ulaya, hakupata hata siku moja kuchukua debe langu bila kwanza kuchukua sampuli, kwa kuwa asali ya Tanzania hupokewa huko kwa sharti kwamba nchi iwe na mpango wa kupima mabaki ya dawa na sumu. Nikaulizwa mizinga iko wapi, mashamba ya jirani yanapigiwa dawa gani, nyuki wananywa maji yapi. Nilijibu yote kwa furaha, maana swali la haki halimuudhi mwenye haki. Dhahabu iliyotoka hatua mia mbili kutoka kwenye mizinga hiyo hiyo ilichukuliwa hadi sokoni, katika moja ya yale masoko ya madini yaliyoanzia Geita mwezi Machi 2019, ambayo kwa insafu nayasifu kwa kupunguza magendo. Ikawekwa kwenye mizani, ikapimwa usafi wake, ikatozwa mrabaha wa asilimia 6, ikapewa hati, ikaenda zake Dubai au Uswisi ikiwa na adabu ya bibi harusi. Iliulizwa uzito na usafi. Haikuulizwa ilichenjuliwa kwa kitu gani, wala ni miti mingapi iliyoshuka shimoni ili yenyewe ipande juu.

Ng'ambo nako ni vivyo hivyo, na nalisema hili usije ukadhani nakuonea peke yako. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya bidhaa zinazoteketeza misitu, ukazitaja saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, na ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, kusudi lake ni kwamba hata mkulima wa kahawa wa Karagwe mwenye vishina mia ajulikane shamba lake liko wapi juu ya ramani. Dhahabu haimo. Iko kanuni nyingine yao, iliyoanza kazi Januari 2021, ambayo inaigusa dhahabu pamoja na bati na wenzake, lakini inauliza kama madini yamelipia vita. Ni swali jema, na ndugu zetu wa Kongo wanajua thamani yake. Huku kwetu hapakuwa na vita. Palikuwa na msumeno na hati yenye muhuri.

Na zebaki je? Ulaya iliharamisha kuiuza nje mwaka 2011, Marekani ikafuata mwaka 2013. Mwaka huo huo ukapitishwa mkataba wa Minamata, uliochukua jina la mji wa Japani ambako watu, na kabla yao paka, waliangamia kwa samaki wa ghuba yao wenyewe. Nasi tukauridhia mwaka 2020. Mkataba unataka zebaki isivuke mpaka bila ridhaa ya maandishi ya nchi inayoipokea. Haya ni mambo mema, ila tazama ufundi wake: wakubwa wa dunia wamefunga mlango wanaouzia zebaki na kuliacha wazi lango wanalonunulia dhahabu iliyokamatwa kwayo, na zebaki, ambayo haijui kusoma mikataba, inaendelea kukamuliwa katika vitambaa kwa mikono mitupu na kuchomwa juu ya makaa, karibu na watoto, katika nchi ambayo vijito vyake vingi hushuka Ziwa Victoria kwenda kuwasalimu samaki.

Usinijibu kwamba nchi maskini haiwezi kuiuliza biashara ya dunia swali. Mwaka 1989, huko Lausanne, Tanzania ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotaka biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu iharamishwe, na ikaharamishwa. Marufuku ile haikumaliza ujangili, pori la Selous ni shahidi, lakini iliifanya pembe ionewe haya mbele ya wanunuzi waliokuwa wakiivaa kwa fahari; na kama tuliweza kuwaombea ndovu, ambao wana sauti kubwa na wageni wengi wa kuwapiga picha, sioni kwa nini tusiweze kuuombea mtundu.

Ninalolitaka ni dogo hata naona haya kuliomba kwa barua nne. Kwanza, hati iliyoandika "pori lisilo na matumizi" isahihishwe, iandikwe ngitili, na jina la mwenyewe. Pili, katika hati anayopewa muuzaji wa dhahabu uongezwe mstari mmoja: imetoka duara lipi, imechenjuliwa kwa kitu gani, na miti ya matimba imekatwa wapi kwa idhini ya nani, na mstari huo usafiri pamoja na dhahabu mpaka kwa mnunuzi wa mwisho, ambaye kama anaweza kuniuliza mimi nyuki wangu wanakunywa maji yapi, basi hatashindwa kuusoma. Mkiona ni taabu kwa mchimbaji mdogo, na ni taabu kweli, wasaidieni wapate mashine za kuchenjua bila zebaki na miti ya kupandwa kwa ajili ya matimba, kwa sehemu ya mrabaha ule ule. Fedha zipo; nimeona magari.

Na ukiwa umekwisha kuinua kalamu, Mheshimiwa, waulize na wenzako: wa maji, waliopima lambo letu mara moja na kwenda na majibu, wa misitu, wanaomkamata mama mwenye gunia moja la mkaa na kumpisha fuso la matimba, wa elimu, walionituma miaka 34 kufundisha watoto kwamba mti ni mali, na wale wanaokwenda mikutano ya bayoanuwai kwa ndege na kurudi na mikoba mizuri. Waulize ni nani kati yao aliyewahi kuingia katika ngitili wakati wa maua, asubuhi, akasikia uvumi wake. Wangu mimi siusikii tena. Nyuki wamehama.

Pamoja na barua hii naambatisha nakala za zile tatu, zenye mihuri yako yote. Nilitaka pia kuambatisha mzinga mmoja mtupu, wa gogo, kazi ya baba, nikaupakia kwenye bodaboda siku ya Jumatatu mpaka langoni pako. Mlinzi akaniambia kwa upole kwamba kitu kama hicho hakipokelewi bila kibali. Nimemwachia hapo nje, chini ya mwarobaini.

Mtiifu wako,
Mwalimu mstaafu, na aliyekuwa mfuga nyuki,
Msalala, Shinyanga