Mugeni njoo, mwenyeji apone

Tulipata hadisi moja ku Kolwezi, na tunaona ni vizuri tuilete hapa, juu inagusa kila nyumba yenye mtu anayeshuka kazi ya shaba na kobalti. Jina la sosiete tunaliacha. Kile kilichotokea pale kinaweza kutokea fasi yoyote, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Fungurume.

Kijana mmoja aliingia kazi, siku zake hazikufika hata kumi na tano. Asubuhi, kikosi kilikuwa kinangoja zamu, wengine wanakunywa chai. Bisi ilikuwa imewashusha upande mmoja wa barabara ya makamyo makubwa, na nyumba ya kuvalia nguo za kazi iko upande wa pili. Kila siku watu wanavuka pale, giza ingali, vumbi mingi, na makamyo ya zamu ya usiku yanarudi mbio. Kijana akasema tu vile, bila kufikiri sana: « Juu ya nini bisi inatuachaka huku, na sisi tunavaliaka kule? »

Watu wakacheka. Mzee mmoja akamujibu: « Weye uliingia juzi, unapenda kutufundisha? » Kicheko kikapita, chai ikaisha. Lakini shefu wa zamu alisikia. Akamuita: « Rudilia ile neno ulisema. » Kijana akaogopa: « Shefu, nilisema tu vile, ilikuwa ya kuchekesha. » Shefu hakucheka. Akaandika mu kalenda yake, akaenda kuangalia fasi ile kwa macho yake, akauliza dereva wa bisi kama kuna nafasi ya kugeukia, kisha akapeleka neno kwa wakubwa. Mbele ya juma mbili kuisha, bisi ikaanza kusimama ng'ambo ya pili. Hakuna tena mtu anayevuka barabara ile gizani. Haikuomba mashine mpya wala feza nyingi.

Sisi tunajiuliza: juu ya nini ilingoja mtu wa siku kumi na tano? Wenyeji wa pale hawakuwa vipofu. Mmoja wao alituambia wazi: « Tulikuwa tunaona. Lakini kusema, ni kujitafutia maneno. » Hapo njo kuna ugonjwa wenyewe. Mgeni anaona juu macho yake hayajazoea. Mwenyeji naye anaona, lakini alijifunza kunyamaza. Wazee walisema: mugeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anapona tu kama anakubali kusikia mgeni.

Kukataa neno la mtu mdogo si jambo la leo, wala si la Kongo peke yake. Mwaka 1815, ku migodi ya makaa ya Uingereza, hewa ya chini ya udongo ilikuwa inalipuka ikikutana na moto wa taa, na watu walikufa wengi. George Stephenson, fundi wa mashine ku mgodi wa Killingworth, mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 18, akatengeneza taa ya usalama. Mwaka ule ule, Humphry Davy, mwenye elimu mkubwa wa London, naye akatoa taa yake. Davy alipewa zawadi ya pauni 2.000, Stephenson akasemwa kwamba aliiba akili ya mwingine, juu hawakuamini fundi bila masomo anaweza kuwaza vile. Ni mwaka 1833 tu kamati ya bunge lao ilikubali kwamba naye alikuwa na haki sawa na Davy. Miaka kumi na minane, juu ya kukubali tu kwamba mtu wa mgodi ana akili!

Basi tunasema nini? Kwa mashefu: kusikia neno si kulikubali lote. Wazo linapimwa, lingine ni zuri, lingine litaleta hatari mpya. Lakini mujibu. Hata « hapana » yenye sababu inamuheshimu mtu kuliko kimya. Na wazo likikubaliwa, muandike jina la mwenyewe, si jina la shefu wake.

Tena kuna jambo moja wafanyakazi wanaogopa kwa haki. Mtu akileta wazo la kupunguza saa za kazi, wakubwa wakaligeuza kuwa wazo la kupunguza watu, siku ile midomo yote itafungwa. Hakuna atakayetoa akili yake ili ndugu yake akose mkate.

Kwa wajumbe wa sendika: sheria ya kazi ya tarehe 16 oktoba 2002 inaagiza kamati ya usalama na usafi ndani ya sosiete. Kamati ile isiwe ya kutia sinyatire tu. Mupeleke pale maneno ya wadogo, zaidi ya watu wa sous-traitance, wale wenye mkataba wa miezi michache, ambao wanaona hatari mingi na wanasema kidogo.

Kwa wazee wa kazi: tunajua munayoyajua hakuna masomo yanayoyafundisha. Lakini kijana akiuliza, musimukate kwa kicheko. Siku moja swali lake litarudisha mtoto wako nyumbani mzima. Na nyinyi mama zetu, mzee akirudi jioni, musiulize tu mshahara umetoka. Mumuulize pia: leo uliona nini kule, na ulimuambia nani?

Kijana yule wa Kolwezi, mkataba wake ni wa miezi mitatu. Bisi itabaki kusimama fasi nzuri. Yeye, hatujasikia mtu akisema kama atabaki. Shefu wake alikwisha kuonyesha kwamba anajua kusikia. Sasa tunangoja wakubwa waonyeshe kwamba wanajua pia kushukuru. Na shukrani ya mfanyakazi haiishii ku makofi: ni kazi yake kudumu.