Nyumba ya Udongo na Kadi ya Kliniki

Mama mwenzangu, mwezi huu nakupeleka mbali kidogo, hadi Petaluma, katika jimbo la California, Marekani. Kuna nyumba ya kale ya shamba iliyojengwa kwa udongo. Jenerali Mariano Vallejo alianza kuijenga mwaka 1836, wakati California ilikuwa bado sehemu ya Mexico. Kuta zake, zenye unene wa karibu sentimita 90, ni za matofali mabichi: udongo uliokandwa kwa maji na majani makavu, kisha ukaanikwa juani. Nyumba za namna hiyo hata sisi tunazijua.

Adui wa ukuta wa udongo ni maji. Kwa hiyo wajenzi waliitoa paa nje ya kuta na kuweka baraza pana, mvua isipige ukuta. Kinga iliwekwa mapema. Karibu nusu ya nyumba ile imesimama hadi leo, nayo ni hifadhi ya jimbo.

Lakini je, matofali yalifyatuliwa na nani? Ni wenyeji wa asili wa nchi ile, mamia kwa mamia, waliofanya pia kazi ya kulima ngano na kuchuna ng'ombe. Mwaka 1837, ujenzi ukiendelea, ndui iliingia eneo hilo. Maelfu ya wenyeji walikufa. Chanjo ya ndui ilikuwa imekwisha kujulikana tangu mwaka 1796, ila huko walichanjwa wachache tu. Mmoja wao alikuwa Mkuu Solano, mshirika wa Vallejo, naye alisalimika. Ukuta ulipata paa. Wengi wa waliokanda udongo wake hawakupata kinga.

Jambo hili hunijia kliniki, mama anaponiambia, "Sista, mwanangu ni mzima, chanjo ya nini?" Mama, mtoto mzima ndiye hasa tunayemchanja. Paa haiezekwi mvua ikishaanza kunyesha. Ndui yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, kwa sababu ya chanjo. Surua bado ipo, na bado inaua watoto.

Basi leo jioni toa kadi ya mtoto uisome. Je, amepata chanjo ya surua ya miezi 9, na ile ya miezi 18 ambayo wengi huisahau? Kama bado, mpeleke wiki hii. Na binti anayekusaidia kazi nyumbani, je, watoto wake wamechanjwa? Muulize, umpe nafasi ya kwenda.

Tuonane mwezi ujao.