Swichi yako, programu yao

KONA YA MTANDAO
Na Salma Mwinyihaji

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikasuasua Tanzania na kwa majirani. Wengi tulilalamikia WhatsApp na miamala. Mimi nilijikuta nikiwafikiria wenye swichi za taa zinazowashwa kwa simu. Swichi nyingi za bei nafuu za aina hiyo haziongei na simu yako moja kwa moja. Amri inatoka sebuleni, inakwenda kwenye seva ya kampuni ng'ambo, kisha inarudi sebuleni. Umeme upo, waifai ipo, taa iko juu ya kichwa chako, lakini waya umekatika baharini, basi unyanyuke ukabonyeze kwa mkono.

Kosa hapo si la chipu. Ndani ya swichi nyingi hizo, hasa za miaka michache iliyopita, kuna ESP8266, chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai iliyoanza kutikisa soko mwaka 2014 kwa kuuza waifai kwa dola chache tu. Kumbukumbu yake ya kazi haitoshi hata kubeba picha moja ya kawaida ya simu. Mwanzoni maelezo yake yalikuwa ya Kichina. Wapenzi wa elektroniki nchi nyingine wakayatafsiri wenyewe, na mwaka huohuo kampuni ikatoa zana za kuiandikia programu. Kilichofuata ni mafuriko ya programu dhibiti huria. Mholanzi Theo Arends aliandika ile inayoitwa leo Tasmota, Otto Winter akaanzisha ESPHome. Zote mbili hazidai senti, na yeyote anaweza kusoma kila mstari wake.

Fundi wa simu wa Kariakoo anayeflashi simu kutwa nzima hatashangaa kuona kazi ya kuziweka kwenye swichi. Unafungua kifuniko, unatafuta kwenye bodi matundu manne: moja la umeme wa volti 3.3, moja la ardhi, na mawili ya kupitisha data. Unayaunganisha na kompyuta kwa kifaa kidogo cha USB. Ukikosea ukapeleka volti 5, unaweza kuiunguza chipu. Kisha unashikilia kitufe cha swichi huku ukiiwasha, maana kwenye swichi nyingi kitufe hicho ndicho kinachoiambia chipu isubiri programu mpya. Baada ya muda mfupi imeandikwa. (Usithubutu kufanya haya huku swichi ikiwa kwenye umeme wa nyumbani. Bodi hizi mara nyingi hazina kizuizi kati ya volti 230 na vidole vyako.) Tangu hapo swichi inapokea amri kutoka ndani ya nyumba, na waya wa baharini ukikatika haina habari.

Atakayesema huu ni mchezo wa wenye nafasi, akumbuke Revolv. Kilikuwa kifaa cha kuendeshea taa na makufuli ya nyumba, kikiuzwa kama dola 300. Nest, kampuni iliyokuwa chini ya Google, iliinunua Revolv mwaka 2014, na Mei 2016 ikazima seva zake. Hakikuharibika kitu. Watu waliamka na kopo la plastiki lisilofanya lolote, walilolilipia fedha zao.

Viwanda vina jibu: tunafunga programu kwa ajili ya usalama. Jibu hilo silikubali hivihivi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa wingi na kuzitumia kuangusha tovuti kubwa duniani. Kiliingia kwa nywila za kiwandani, zile za admin na wenzake, na katika baadhi ya vifaa nywila ilikuwa imepachikwa ndani ya programu kiasi kwamba mwenye mali asingeweza kuibadilisha hata angetaka. Kufuli lilikuwepo, ila lilimfungia nje mwenye nyumba.

Nakiri uhuria huu una mipaka yake. Hata kwenye chipu za Espressif, sehemu inayoendesha waifai bado imefungwa. Watunzaji wengi wa programu hizi wanafanya kazi ya kujitolea, na anayejitolea anaweza kuchoka. Lakini akichoka, msimbo unabaki na mwingine anauendeleza. Kampuni ikichoka, inabaki na ufunguo wake.

Ulaya imeanza kubana. Sheria yake ya usalama wa bidhaa za kidijitali, ambayo masharti yake makuu yanaanza Desemba 2027, inamtaka mtengenezaji atoe marekebisho ya usalama kwa angalau miaka mitano, isipokuwa kwa kifaa chenye maisha mafupi zaidi. Haimlazimishi kumkabidhi mteja ufunguo muda huo ukiisha, na hapo ndipo naona ilipopungua.

Hapa Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, tayari inahakiki vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Ningependa iongeze maswali mawili kwenye fomu ya mwagizaji: kifaa hiki kinafanya kazi intaneti ikikatika? Na seva ikizimwa, mnunuzi anaruhusiwa kuweka programu yake? Majibu yachapishwe kwenye boksi, karibu na bei.